Kabla hujahamia mtaa kwa ajili ya shule: ninavyoisoma ripoti ya shule ya msingi

Nilifundisha darasa la nne Morogoro kwa miaka tisa. Sasa naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni ukalimani: mzazi anayesema Kiswahili akiitwa shuleni, mimi ndiye ninayekaa kati yake na mwalimu. Ikifika Machi na Aprili, mikataba ya nyumba ikianza kukaribia mwisho, simu yangu huanza kulia kwa jambo jingine kabisa. "Mwalimu, hii shule iko muzuri ao mubaya?" Anayeuliza ni mama wa Uvira, Kongo. Ameona kwenye tovuti ya nyumba kwamba shule ya mtaa wake imepewa 3 kati ya 10. Mtaa wa pili shule ina 8, ila kodi ya huko inamkosesha usingizi.

Namwelewa. Mimi mwenyewe niliingia nchi hii na macho ya kumi bora. Kwetu matokeo ya darasa la saba yakitoka, tuliangalia shule imekuwa ya ngapi kiwilaya na ya ngapi kimkoa, basi, mjadala umefungwa. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini macho hayaachi kwa tangazo. Mwaka wangu wa pili hapa nilimhamisha mwanangu kutoka shule yenye nyota mbili kwenda yenye nyota nne, na nilichokikuta nitakisema mbele kidogo. Haya hapa ndiyo ninayomwambia yule mama nikiwa na nusu saa na chai haijapoa.

Achana kwanza na ile namba ya tovuti ya nyumba. Waliotengeneza ile tovuti wanauza na kupangisha nyumba. Nenda kwenye ripoti ya jimbo. Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 2015 inalazimisha kila jimbo kutoa ripoti ya kila shule ya umma kila mwaka, bure, kwa yeyote. Ingia tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lako, andika jina la shule, itakuja. Hapa Ohio hutoka katikati ya Septemba na hupanga kwa nyota, moja hadi tano. Florida na Texas hutoa herufi A hadi F. California hutumia rangi, nyekundu chini na bluu juu. Kwa hiyo binamu yako wa Houston akikwambia shule ya mwanawe ina B, usiilinganishe na nyota za kwenu. Kila jimbo huchagua mtihani wake na alama yake ya kufaulu, na hata asilimia zenyewe hazilinganishiki kuvuka mpaka wa jimbo.

Kabla hata hujasoma, hakikisha nyumba unayoitaka kweli iko ndani ya mpaka wa shule hiyo. Tangazo likisema "karibu na shule fulani" halijasema mtoto atasoma hapo. Mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, upande huu shule hii, upande ule shule nyingine. Piga simu ofisi ya wilaya ya shule, wape namba ya nyumba na jina la barabara, watakwambia.

Nani hasa amepimwa

Shule nyingi za msingi hapa huanzia chekechea hadi darasa la tano. Sheria inataka watoto wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Sasa piga hesabu: chekechea, la kwanza na la pili hawamo. Kwenye shule ya chekechea hadi la tano, matokeo unayoyaona ni ya nusu ya madarasa tu. Mwalimu hodari wa darasa la kwanza haonekani kwenye ripoti mpaka watoto wake wafike la tatu, na kufikia hapo wengine wameshahama mji.

Halafu matokeo ni ya majira ya kuchipua yaliyopita. Ukiyasoma Oktoba, waliokuwa la tano wameshaondoka shuleni hapo. Na ukitaka kulinganisha miaka, utakuta pengo mwaka 2020: mitihani ya mwaka huo haikufanyika kwa sababu ya korona.

Tazama pia idadi ya waliofanya mtihani. Sheria inataka angalau asilimia 95 ya watoto wapimwe. Ukiona imeshuka sana, uliza ni akina nani hawakukaa kwenye kiti siku ile. Mimi nilikuwa mwalimu, najua siku ya mtihani watoto gani "huumwa".

Namba kubwa inayodanganya

Namba inayoandikwa kwa herufi nene ni asilimia ya watoto waliofikia kiwango. Ina ukweli wake, lakini inajibu swali tofauti na lile unalouliza. Wewe unauliza, "Hii shule inafundisha?" Yenyewe inajibu, "Watoto wanaokuja hapa wamefika wapi?" Mtoto aliyesomewa vitabu kila usiku tangu akiwa na miaka miwili, nyumba yenye wazazi waliosoma, daktari wa meno na dawati, anaingia chekechea akiwa ameshatembea nusu ya safari. Shule inampokea, inapiga picha, inaitundika ukutani.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake walitoa ripoti kubwa ya serikali iliyopima mamia ya maelfu ya wanafunzi, na ikaonekana kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti za alama kuliko tofauti za shule zenyewe. Siku hizi Profesa Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamekusanya matokeo ya mamilioni ya watoto wa darasa la tatu hadi la nane nchi nzima. Wastani wa alama unafuata uwezo wa wazazi karibu kama kivuli. Lakini kasi ya watoto kupanda mwaka hadi mwaka haifuati uwezo huo kwa nguvu hata kidogo. Ziko shule za mitaa ya kimaskini zinazowasukuma watoto kwa kasi, na za mitaa ya kitajiri zilizolala.

Tufanye hesabu ya kubuni, maana bila namba hili halikai kichwani. Tuseme Shule ya Mlimani imepima watoto 100. Wenye uwezo ni 80, wamefaulu 60, yaani asilimia 75. Wa kipato cha chini ni 20, wamefaulu 6, asilimia 30. Jumla wamefaulu 66. Shule ya Bondeni nayo imepima 100. Wenye uwezo ni 30, wamefaulu 24, asilimia 80. Wa kipato cha chini ni 70, wamefaulu 28, asilimia 40. Jumla 52.

Mlimani 66, Bondeni 52. Tovuti ya nyumba itakukimbiza Mlimani. Lakini rudi uangalie tena: mtoto mwenye uwezo anafanya vizuri zaidi Bondeni, na mtoto wa kipato cha chini naye anafanya vizuri zaidi Bondeni. Hakuna kundi hata moja linalofanya vizuri zaidi Mlimani. Kilichoibeba Mlimani ni nani wamejaa madarasani. Hili huwa nalichora nyuma ya bahasha, na mara ya kwanza kila mtu husema nimekosea kujumlisha.

Kwa hiyo ukishaiona asilimia ya shule nzima, shuka chini. Sheria inataka matokeo yagawanywe kwa makundi: kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, na asili ya mtoto. Tafuta mstari ambao mwanao ataingia, ulinganishe mstari huo kwa mstari huo wa shule nyingine ya jimbo lako.

Maendeleo: hapa ndipo pa kukaa

Ripoti nyingi zina sehemu inayopima maendeleo. Ohio ina nyota za ufaulu na nyota za maendeleo, mbali mbali. Maendeleo hayaulizi kama mtoto amefikia kiwango. Yanauliza: kutokana na alama zake za nyuma, mwaka huu amepanda kama ilivyotarajiwa, zaidi, au chini? Aliyekuwa nyuma sana akapanda sana analeta sifa hapa hata kama bado hajafaulu. Aliyekuwa mbele akasimama palepale anaangusha shule hata kama amefaulu. Hesabu hiyo kwa kawaida haianzi kabla ya darasa la nne, kwa sababu wa la tatu hana mtihani wa nyuma wa kumlinganisha nao.

Sasa ile hadithi ya mwanangu. Ile shule niliyomhamishia ilikuwa na nyota nne za ufaulu, na nyota mbili za maendeleo. Nyota mbili niliziona, nikaziruka, kama mtu anayesoma bei asisome tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtoto alikuwa anajua kuzidisha, nilimfundisha mwenyewe jikoni kwa njia yetu ya kuimba. Mwalimu wake alifurahi, akamweka kona na karatasi za mazoezi ambayo anayajua. Mwaka mzima. Kwenye kikao cha wazazi nikaambiwa hana tatizo lolote. Kweli hakuwa na tatizo. Hakuwa na somo jipya pia. Shule ile ya nyota mbili tuliyoiacha ilikuwa na nyota nne za maendeleo, na nilikuja kuliona hilo baada ya kulipa malori.

Usitegemee mwaka mmoja, lakini. Shule ndogo yenye watoto 40 wa darasa la nne, kila mtoto ni asilimia mbili na nusu. Watoto wanne wakiamka vibaya, shule imeshuka asilimia kumi na mkuu wa shule anaitwa wilayani. Soma miaka mitatu. Ukiona juu, chini, juu, hiyo ni kelele tu. Ukiona inashuka mfululizo, uliza kulikoni.

Jedwali la watoto: ni akina nani hawa

Wengi hulisoma jedwali hili kama hukumu. Maskini wangapi, weusi wangapi, wageni wangapi, kisha wanakunja uso. Nimewasikia hata ndugu zetu wenyewe wakisema "ile shule imejaa wakimbizi," na msemaji kaja na kadi ileile ya ukimbizi mwaka mmoja kabla. Mimi nalisoma kama orodha ya huduma: shule yenye watoto wengi wa aina fulani ina walimu wa kazi hiyo, fedha za kazi hiyo, na mazoea.

Mstari wa kipato cha chini hutokana zaidi na chakula cha mchana. Kwa kanuni za serikali kuu, familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini hupata chakula bure, na hadi asilimia 185 hulipa kidogo. Lakini angalia mtego. Shule yenye watoto wa kutosha ambao tayari wako kwenye misaada inaruhusiwa kuwalisha wote bure bila fomu. Mwanzoni ilitakiwa wafike asilimia 40, mwaka 2023 ikashushwa hadi 25. Baadhi ya majimbo, shule ikishaingia kwenye mpango huo, huhesabu watoto wote kuwa wa kipato cha chini. Ndiyo maana unaona shule imeandikwa asilimia 100, na kwenye maegesho yake kuna magari mazuri kuliko la kwangu.

Ukiona shule inaitwa ya Title I, usikimbie. Ni fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1965 iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson. Huyu naye aliwahi kuwa mwalimu wa watoto maskini, Cotulla, Texas. Kwa mzazi maana yake ni hii: huenda kuna mwalimu wa ziada wa kusoma, na shule inalazimika kukuita kwenye kikao cha mwaka kueleza fedha hizo. Pia una haki ya kuuliza sifa za mwalimu wa mwanao wakujibu. Sijawahi kuona mzazi wetu akiuliza hilo. Uliza.

Mstari wa wanaojifunza Kiingereza ndio unaotuhusu wengi, na ndio unaosomwa vibaya kuliko yote. Nchi nzima ni karibu mtoto mmoja kati ya kumi. Alama zao huwa chini, na wazazi hushtuka: "Hawa hawafundishwi!" Fikiria wodi ya hospitali. Aliyepona anaruhusiwa kwenda nyumbani. Ukiingia wodini kuhesabu, utakuta wagonjwa, kwa sababu waliopona hawapo. Mtoto akishafaulu mtihani wa Kiingereza anatolewa kwenye kundi, anaingia mwingine aliyeshuka kwenye ndege juzi. Baadhi ya majimbo huendelea kuwahesabu waliotoka kwa miaka hadi minne, mengine hapana, ndiyo maana nasema usivuke mpaka wa jimbo na jedwali hili. Kitu cha kutafuta ni namba nyingine: wangapi wanapanda ngazi kwenye mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka. Ripoti ya jimbo inatakiwa kuionyesha. Hapo utajua kama wodi inatibu.

Mstari wa asili ya mtoto una visanduku saba, na mtoto wa Kigoma, mtoto wa Mogadishu, na mtoto ambaye mababu zake wako Ohio tangu kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wote wanaingia kimoja. Kwa hiyo mstari huo hausemi lolote kuhusu lugha, wala kuhusu mtoto aliyekaa miaka sita kambini bila darasa la maana. Usiutumie kubashiri mwanao atafanyaje.

Wenye ulemavu ni kama asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za umma nchini. Shule ikiwa nao wengi kupita jirani zake, mara nyingi ni kwamba wilaya imeweka hapo vyumba maalumu na kuwaleta watoto kwa basi kutoka kote. Hilo linashusha wastani wa shule, na kama mwanao anahitaji huduma hiyo, ni hapohapo penye mtaalamu wa matamshi kila siku badala ya Jumanne tu.

Mahali pengine utakuta kinyota (*) au alama nyingine badala ya namba. Hawajaficha uovu. Kundi ni dogo mno, na wakitoa namba watu watajua mtoto ni nani. Kwenye shule yenye Waswahili watatu, usitegemee kumpata mwanao kwenye jedwali lolote.

Utoro, na safari ya nyumbani

Nikipewa namba mbili tu za kusoma, ya kwanza ni maendeleo, ya pili ni utoro sugu. Utoro sugu ni kukosa asilimia 10 au zaidi ya siku za shule. Kwa mwaka wa siku 180, hiyo ni siku 18, mbili kila mwezi. Tena zinahesabiwa zote, za ruhusa na zisizo na ruhusa. Cheti cha daktari kinakuokoa na barua kali, hakikutoi kwenye hesabu hii. Baada ya korona hali ilikuwa mbaya: mwaka wa shule wa 2021 hadi 2022, zaidi ya robo ya wanafunzi wa nchi hii walikuwa na utoro sugu.

Kwa nini naipenda namba hii? Kwa sababu mwalimu akiwa na watoto 24, na sita wanakosekana kwa zamu, kila Jumatatu anarudia somo la Alhamisi. Mtoto wako asiyekosa anakaa akisubiri. Shule mbili zenye umaskini uleule, moja ina utoro nusu ya nyenzake: nenda kwenye hiyo, kuna mtu ndani yake anayepiga simu asubuhi.

Na sisi tujisemee. Familia inapata tiketi nafuu ya Februari, inakwenda Bujumbura au Dar wiki nne kumwona bibi. Wiki nne ni siku ishirini za shule. Hapohapo mtoto ameshavuka siku 18, hata kama hakukosa siku nyingine mwaka mzima. Sisemi bibi asitembelewe. Nasema uangalie kalenda ya shule kabla ya tiketi, na kama hakuna namna, mwone mwalimu mapema uombe kazi za kubeba. Nimetafsiri vikao vingi vya utoro ambavyo chanzo chake kilikuwa harusi.

Yako mengine kwenye ripoti ambayo nayapitia haraka. Uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu, kwa mfano 15 kwa mmoja, haumaanishi darasa la watoto 15. Wamehesabiwa mwalimu wa muziki, wa michezo na wa huduma maalumu. Matumizi kwa kila mwanafunzi nayo huwa makubwa penye vyumba vya ulemavu, kwa hiyo dola nyingi si lazima zimfikie mwanao. Idadi ya walimu wasio na uzoefu, hiyo isome. Shule inayobadilisha nusu ya walimu kila mwaka hata nyota haziwezi kuisitiri.

Kisha funga kompyuta uende

Piga simu, omba kutembelea, omba mkalimani. Usimtumie mtoto. Niliwahi kufika kwenye kikao nimechelewa dakika kumi, nikamkuta kijana wa darasa la tano anamtafsiria baba yake. Mwalimu alikuwa amesema kijana yuko nyuma sana katika kusoma. Baba akaniambia kwa furaha, "Anasema mutoto anasoma sana."

Fika watoto wanapoingia asubuhi. Angalia kama kuna mkubwa mlangoni anayewaita kwa majina. Halafu ukae na mkuu wa shule umuulize, na usiulize "shule yenu ni nzuri?" kwa sababu jibu unalijua.

Uliza darasa la kwanza wanafundishwaje kusoma. Sisi tulianza a-e-i-o-u, ba-be-bi-bo-bu, na silabi zikishakaa, unasoma chochote hata usichokielewa. Kiingereza hakina huruma hiyo, kinaandikwa hivi kinatamkwa vile, na mtoto anahitaji kufundishwa sauti moja moja kwa mpangilio. Ohio ilipitisha sheria mwaka 2023 kuzitaka shule zifuate njia hiyo. Ukijibiwa kwamba watoto huangalia picha wakabahatisha neno, andika kwenye daftari lako.

Uliza pia wanaojifunza Kiingereza wanatolewa darasani saa ngapi na wakati wa somo gani. Hili walimu wenyewe hushtuka kuulizwa. Mtoto akitolewa kila siku saa ya hesabu, atarudi na Kiingereza na bila hesabu. Na uliza mtoto akibaki nyuma wanajua lini. Jibu zuri lina mwezi ndani yake, "Oktoba, baada ya kipimo cha kwanza." Jibu baya ni "tunawafuatilia kwa karibu."

Siku ya kuandikisha

Beba cheti cha kuzaliwa au hati uliyonayo, kadi ya chanjo, na uthibitisho wa makazi kama mkataba wa nyumba. Vibali vya uhamiaji si sharti la kusoma: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hiyo.

Utapewa karatasi inayouliza lugha ya nyumbani. Hapa ndipo tunapojikata kidole wenyewe. Baba mmoja wa Bukavu aliandika Kiingereza kote, kwa kuogopa kwamba mwanawe atatengwa na "wasiojua". Kwa kuandika hivyo mtoto hakupimwa na hakusaidiwa. Alikaa kimya darasani, walimu wakamwona mpole. Alipofika darasa la tatu akafanya mtihani wa jimbo kama mzawa, alama zikaonyesha hajui chochote, na watu wakaanza kuuliza kama ana ulemavu. Hana. Hakuna aliyekuwa amemfundisha Kiingereza.

Msaada huo ni haki iliyopiganiwa. Mwaka 1974 familia za Kichina za San Francisco zilishinda kesi yao katika mahakama hiyohiyo: kumpa mtoto asiyejua lugha kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa. Ukiandika ukweli, shule itampima, na kama ameandikishwa mwanzoni mwa mwaka wa shule, barua ya matokeo inatakiwa ikufikie ndani ya siku 30. Huduma usipoitaka unaweza kuikataa kwa maandishi, ila mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka ataendelea kuufanya mpaka aufaulu.

Basi pale penye lugha ya nyumbani, andika Kiswahili. Kama nyumbani mnasema Kibembe au Kifuliiru na Kiswahili ni cha sokoni na kanisani tu, andika Kibembe au Kifuliiru. Halafu chini kidogo, pale wanapouliza mzazi anataka kuzungumziwa kwa lugha gani, hapo ndipo uandike Kiswahili, ili waniite mimi.